Tulinde Minara na Nyaya za Kwetu

Hotuba iliyotolewa kwa niaba ya kamati katika Mkutano Mkuu wa Mwaka na Harambee, Mombasa



Miaka iliyopita nafasi hii imetumiwa kuzungumzia madarasa, maji na barabara. Mwaka huu kamati imetutuma tuzungumzie wizi. Si neno zuri la kulileta kwenye harambee. Mtu huja kwenye harambee ili ajenge, hapendi kusimuliwa kilichobomolewa. Lakini mkifungua kurasa za bajeti nyuma ya kijitabu hiki mtakuta mafungu mawili ambayo lazima tuyaeleze. La kwanza ni betri za mtambo wa intaneti wa zahanati na shule ya sekondari, zile zile mlizochangia mwaka juzi. La pili ni kibanda cha chuma, taa na mishahara ya walinzi. Mtu mwenye akili atauliza: betri tulikwisha kununua, zimekwenda wapi? Zimeibwa. Na ule mnara mkubwa wa kampuni ya simu kule juu kilimani, ambao mtambo wetu unautegemea, nao umeibiwa mara zaidi ya moja, na mwaka jana ulizimika siku nne mfululizo.

Tuanze na jinsi sauti inavyofika nyumbani, maana wengi tunadhani simu hutembea hewani tu. Ukimpigia mama aliye Mgange, sauti yako husafiri hewani kwa kipande kidogo cha njia, kutoka mkononi mwako hadi mnara wa hapa Mombasa. Kutoka hapo huingia ndani ya kebo. Kebo hizo zimefukiwa ardhini kandokando ya barabara kuu, zinapita Mariakani, Maungu, Voi na kuendelea Nairobi, na ndani yake mna nyuzi za kioo nyembamba kama unywele, zinazobeba mwanga. Kupanda milimani kwetu, mawasiliano hupita kwenye kebo nyingine au kwenye yale madishi ya mviringo mnayoyaona minarani, yanayotazamana mlima kwa mlima. Ndiyo maana Vuria, wenye urefu wa mita zaidi ya 2,200, una minara kileleni. Anayesimama pale anaona mbali. Intaneti nayo huanzia huku huku pwani. Mwaka 2009 kebo za TEAMS na SEACOM zililetwa kupitia chini ya bahari hadi Mombasa, na tangu hapo sehemu kubwa ya intaneti inayokwenda bara hupita katika ardhi ya kaunti yetu. Sisi watu wa Taita tuko juu ya njia hiyo, tutake tusitake.

Sasa tazama chini ya mnara. Kuna uzio, kabati la mitambo, waya wa stima, na betri nzito zilizopangwa kama matofali. Stima ikikatika betri hushika kazi kwa saa kadhaa, na zikianza kuchoka jenereta ya dizeli huwaka, ikiwa ipo. Kwa mwizi hapo ni dukani. Betri atauza zikiwa nzima kwa mtu mwenye sola ya nyumbani, au atazivunja auze risasi iliyomo ndani. Dizeli itapata mnunuzi kabla jua halijachomoza. Waya mnene wa shaba unaopanda mnarani utakatwa kwa msumeno vipande vipande, utiwe kwenye gunia na kufunikwa kwa sukumawiki.

Upo wizi mwingine tunaouogopa kuliko huo, kwa sababu siku unapofanyika hakuna anayeona tofauti. Kila mnara una utepe au waya wa shaba unaoshuka hadi chini na kuzikwa udongoni. Kazi yake ni kuipa radi njia ya kwenda ardhini. Mwizi huukata, mnara unaendelea kufanya kazi, simu zinalia kama kawaida, na fundi asipokagua kwa makini hatajua. Kisha masika yanakuja. Nyinyi mnaijua radi ya kwetu. Radi ikiupiga mnara na isiikute ile shaba, hutafuta njia yake yenyewe kupitia kwenye mitambo, na mashine za gharama kubwa huungua kwa sababu ya kipande cha shaba ambacho mtu alikiuza kwa pesa za vocha na chakula cha mchana.

Na kuna wizi wa kijinga kabisa, mtuwie radhi kwa neno hilo. Mtu anachimba usiku kandokando ya barabara akitafuta shaba, anakutana na kebo nyeusi, anaikata, anakuta kioo na plastiki. Hakuna mnunuzi wa vyuma atakayempa hata shilingi kumi. Anaitupa anakwenda kulala. Lakini zahanati, benki, shule, ofisi za kaunti na watu wa miji kadhaa wamekatikiwa mawasiliano. Kuiunga kebo ya namna ile si kama kuunga waya wa redio kwa meno. Kwanza mafundi hutuma mwanga ndani ya uzi na kupima ni umbali gani mwanga unarudi, ili wajue pa kuchimba. Kisha huunga uzi mmoja mmoja kwa mashine inayoyeyusha ncha za kioo zishikane. Kebo moja inaweza kuwa na nyuzi nyingi, na mafundi wenyewe wanatoka mbali.

Kwa nini shaba? Kwa sababu dunia inaitafuta. Mei 2024 bei ya tani moja kwenye soko la metali la London ilipita dola 10,000. Maana yake kilo moja huko ni zaidi ya dola 10. Kijana aliyeibeba gizani hapati hata karibu na hiyo. Anayefaidi ni yule mwenye mizani, na yule mwenye lori nyuma ya mwenye mizani. Tunalisema hili mapema ili mjue huko mbele tutamtazama nani.

Wazee wetu watakumbuka simu za mezani. Zilipita kwenye nguzo, nyaya za shaba, na aliyekuwa nayo nyumbani alipokea ujumbe wa kijiji kizima. Shirika la Posta na Simu liligawanywa mwaka 1999, simu zikabaki na Telkom Kenya, na katika miaka iliyofuata nyaya zile ziliibwa nchi nzima kiasi kwamba kuzirudisha kukawa kazi isiyo na mwisho. Simu ya mkononi ndiyo iliyotuokoa, ilikuja wakati waya ulipokuwa unakufa. Hatuoni kitu kingine kinachokuja nyuma yake kutuokoa tena iwapo minara nayo itatafunwa.

Kuna mzee mmoja kwenye kamati, mwalimu mstaafu, ambaye tukizungumza haya hutukumbusha Wanandi. Reli ya Uganda ilipojengwa kuanzia 1896, ikapita Voi kwetu na kufika ziwani 1901, ilifuatana na waya wa telegrafu. Wanandi waliuchukua waya ule wakatengeneza mapambo, na bolti za reli wakazifanya silaha. Waingereza waliita wizi. Lakini wale walikuwa vitani na mtu aliyeingia nchi yao bila hodi, na kiongozi wao Koitalel arap Samoei aliuawa mwaka 1905 katika vita hiyo. Mzee wetu huuliza: leo huyu anayekata waya Taita, yuko vitani na nani? Ule waya wa telegrafu haukuwa na ujumbe hata mmoja wa Mnandi. Huu wa leo umejaa ujumbe wetu sisi.

Ni ujumbe gani huo? Wengi wenu mlioketi hapa mnautuma kila mwisho wa mwezi. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, pesa ya karo, ya dawa na ya mbolea haipandi tena mlimani katika bahasha mfukoni mwa dereva wa matatu. Mnara ukizimika, pesa uliyotuma Ijumaa ipo, lakini mama hawezi kuitoa. Wakala naye anafunga duka. Bodaboda hapokei. Kwa siku nne zile za mwaka jana watu wenye pesa kwenye simu walikopa unga.

Walio Sagalla, Kasighau na huku chini Mwatate wana jambo jingine: ndovu. Ndovu wakiingia shambani usiku, msaada ni kumpigia askari wa wanyamapori na kuwapigia majirani ili watoke na tochi na madebe. Simu ikiwa haina mtandao, kila nyumba inapigana na ndovu peke yake. Mnajua hilo huishia wapi. Mahindi ni hasara ndogo.

Na katika siku nne zile kulikuwa na mama aliyeshikwa na uchungu wa uzazi usiku wa pili. Muuguzi wa zahanati aliona mambo si sawa, akataka gari la wagonjwa lije. Simu yake haikushika, na mtambo wetu wa intaneti ulikuwa kimya kwa sababu mnara unaoulisha ulikuwa kimya. Mume wa yule mama alishuka kwa miguu kwenye ukungu hadi barabarani kutafuta gari. Walifika hospitali asubuhi. Mama alipona. Mtoto hakupona. Hatutasema kwamba ni mwizi wa betri aliyemuua mtoto yule, maana daktari mwenyewe hakusema hivyo, na huenda hata gari lingefika mapema mambo yangekuwa yale yale. Tunasema tu kwamba muuguzi alikuwa na simu mkononi na haikumsaidia kitu. Wazazi wametupa ruhusa kulisema hili bila majina, na tunawashukuru.

Turudi kwa mwenye mizani. Januari 11, 2022 nchi nzima ilikosa stima kwa saa nyingi, baada ya milingoti ya umeme mkubwa wa njia ya Kiambere kuanguka pale Embakasi, Nairobi. Serikali iliwalaumu waharibifu wanaofungua vyuma vya milingoti. Siku chache baadaye Rais Uhuru Kenyatta alisimamisha biashara ya vyuma kuukuu, ndani ya nchi na ya kupeleka nje. Marufuku hiyo iliondolewa Mei mwaka huo huo, na masharti yakawekwa. Sheria ya vyuma kuukuu yenyewe ilikuwapo tangu 2015. Inamtaka mfanyabiashara awe na leseni, na imeunda baraza la kusimamia biashara hiyo. Kwa hiyo hatukosi sheria. Tunachokosa huku kwetu ni mtu wa kumuuliza mwenye mizani pale sokoni: leseni yako iko wapi, na waya huu wa shaba uliochomwa ulinunua kwa nani?

Kuna wazo moja tunalipenda kutoka Uingereza. Tangu Desemba 2012, huko England na Wales mnunuzi wa vyuma kuukuu haruhusiwi kulipa kwa pesa taslimu. Analipa kwa njia inayoacha alama, na muuzaji anajulikana. Sisi ni miongoni mwa watu wa kwanza duniani kuzoea kulipana kwa simu hadi kwa muuza mandazi. Linatushinda nini? Kamati imekwisha kuwaona wanunuzi wa vyuma wa soko letu na kuwaomba wakubali jambo hilo kwa hiari: shaba, risasi na betri zilipwe kwa simu tu, na jina liandikwe daftarini. Wengine wamekubali. Wengine walicheka. Tutarudi kwao tukiwa na chifu.

Hapo tuseme neno kuwatetea wanaookota vyuma. Tunao mama zetu wanaokusanya mabati yaliyotoboka, masufuria na chupa, na vijana wanaonunua baiskeli kuukuu nyumba kwa nyumba. Hiyo ni kazi halali na imesomesha watoto. Mafundi wa jua kali hawawezi kutengeneza jiko bila wao. Tukiwatukana wote kwa jina moja tutawapoteza watu wanaojua kuliko sisi nani anauza nini. Ni mmoja wao, mama mzee, aliyekuja kutuambia kwamba kuna mahali panapochomwa waya kila wiki. Waya wa shaba ukichomwa kuondoa plastiki hutoa moshi mweusi na harufu inayokaba koo. Hauwezi kufichwa. Majirani waliusikia na walijua si takataka za jikoni.

Kwa nini basi hawakusema? Hili ndilo jambo gumu, na kamati ililijadili usiku mbili. Hawakusema kwa sababu anayechoma ni mtoto wa mtu. Ni wetu. Ukimtaja, kesho utakutana na mama yake kanisani, na shangazi yake ndiye jirani yako wa shamba. Na wako wanaoogopa jambo baya zaidi, kwamba wakimtaja atakamatwa na kundi, si na polisi. Hofu hiyo si ya bure. Tumeona katika nchi hii watu wakichomwa matairi shingoni kwa kuku. Kamati inasema wazi mbele yenu: hatutaki shilingi ya chama hiki iende kwenye ulinzi wa namna hiyo, na mlinzi yeyote atakayempiga mtu atafutwa siku hiyo hiyo na kupelekwa kituoni.

Tulichokubaliana na wazee ni njia hii. Mwenye habari ataipeleka kwa mmoja wa wazee watatu waliochaguliwa na baraza, wawili wanaume na mmoja mwanamke, na jina lake halitatajwa. Wazee watakwenda kwa familia kwanza ikiwa ni mara ya kwanza na kilichoibwa ni cha chama chetu, kwa sababu hicho tunaweza kukisamehe kikirudishwa. Ikiwa ni mali ya kampuni ya simu, reli au stima, wazee hawana ruhusa ya kusamehe mali ya wengine, na habari itakwenda kwa chifu na polisi. Wapo waliosema njia hii ni laini mno. Inawezekana. Lakini tangu ianze tumepata habari ambazo miaka miwili ya vitisho haikutuletea, na betri mbili kati ya zilizoibwa zimerudi usiku, zikaachwa mlangoni pa zahanati.

Zamani wazee wetu wa Dawida walikuwa na fighi, mahali patakatifu palipolinda vijiji na njia za kuingilia. Mtu hakukata mti pale. Hatupendekezi mnara ufanywe fighi, wachungaji walioko hapa wasishtuke. Tunasema tu kwamba kulinda mahali kwa ajili ya wote si jambo tulilofundishwa na kampuni ya simu.

Kuhusu kampuni yenyewe, tumewaandikia barua. Mnara ule ni biashara yao na ulinzi wake ni wajibu wao, na hatuchangishi pesa zenu ili kulinda mali ya kampuni inayopata faida. Tulichowaomba ni watu wa kijiji kile waajiriwe kuulinda, badala ya kuleta mlinzi kutoka mbali anayekaa wiki moja bila maji na kuondoka. Wametujibu kwamba wanalitazama. Tumewaomba pia watupe nambari ya kupiga tukiona mtu mlangoni usiku, kwa sababu hata mafundi wa kweli huja saa mbaya, na mwanakijiji hawezi kutofautisha fundi na mwizi aliyevaa koti la kung'aa. Wizi mwingine hufanywa na watu wenye funguo. Hilo nalo tuliliandika kwenye barua.

Pesa tunazowaomba leo ni za mali yetu. Betri mpya, nne, zitawekwa ndani ya kibanda cha chuma kilichochomelewa na fundi wa hapo hapo Wundanyi, bawaba zikiwa ndani na boliti zake kufunikwa kwa zege. Kila betri itachongwa jina la zahanati kwa moto ubavuni, herufi kubwa, ili mwenye mizani asiseme hakujua. Taa ya sola itakayowaka mtu akipita. Waya wa radi utapita ndani ya bomba la chuma hadi ardhini, na fundi wa shule ya ufundi ataukagua kabla ya masika na kabla ya vuli, aandike daftarini. Walinzi ni wawili, wa zamu, na tumependekeza mmoja wao awe kijana ambaye zamani aliwahi kukamatwa na waya. Jambo hilo lilileta kelele kamatini na huenda likaleta kelele hapa. Yeye ndiye aliyetuonyesha dirisha la nyuma la zahanati linavyofunguka kwa bisibisi. Mkutano utaamua, tutapiga kura baada ya taarifa ya fedha.

Hesabu yote iko ukurasa wa bajeti, pamoja na risiti za mwaka juzi na barua ya polisi kuhusu betri zilizoibwa. Kadi za ahadi ziko kwa mweka hazina, meza ile iliyo karibu na mlango. Wa Nairobi mmeketi pamoja, kwa hiyo mwakilishi wenu atawapitia. Wanaochanga kwa simu waandike jina na kijiji, maana mwaka jana tulipokea michango kadhaa iliyoandikwa "Mimi" tu, na hadi leo hatujui tumshukuru nani.